Lenzi Niliyomchagulia Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mimi katika maisha yangu sijawahi kumwekea mtu kinyongo.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaiangalia, nikaona hata kalamu imeona haya. Sifuti, karatasi si nyingi. Niseme kweli basi: ninacho kinyongo kimoja, kina umri wa miaka kumi na tisa na kimenenepa kuliko mimi. Asubuhi nakipa chai kabla sijanywa mwenyewe.

Daftari hili nimepewa na Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye nyumba moja nyuma ya duka. Amesema masikio yake yamechoka na habari zangu. "Iambie karatasi," amesema, "karatasi haina pa kukimbilia." Shule niliacha darasa la tano, mwalimu akashukuru, lakini kuandika najua. Hati yangu ni ya kuku aliyekanyaga wino, ila msomaji ni mimi mwenyewe, sitalalamika.

Kazi yangu ni lenzi. Zamani nilikuwa na studio, nikiwapiga watu picha wamekaza shingo kama wanachinjwa. Siku hizi kila mtu ana simu na shingo wanajikazia wenyewe. Basi nasafisha lenzi za wenzangu, natoa ukungu, nalainisha pete zilizogoma, na zangu chache naazimisha. Duka liko kwenye mtaa unaoteremka gatini. Gati lina ngazi kumi na mbili. Leo maji yamemeza mbili. Msimu wa maji ndio kwanza unaanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua lenzi ya mwalimu mmoja, ndani nimekuta buibui mkavu. Mwalimu alikuwa anasema picha zake zote zina mti. Ngazi tatu.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji amekuja.

Narudia ili niamini mwenyewe. Shemeji, mdogo wake marehemu mke wangu, ameingia dukani kwangu kwa miguu yake, akavua kofia, akakaa kwenye kile kiti kibovu bila kuambiwa karibu.

Nieleze, maana daftari halijui. Miaka kumi na tisa iliyopita kampuni ya meli ilianza safari za watalii za kupanda mto, siku nne kwenda na kurudi. Walitaka picha ya tangazo. Nilikwenda mimi na kamera yangu, nikamchukua Shemeji anibebee begi. Siku ya pili tulifika mahali ambapo mto ni mpana, na kule ng'ambo limesimama Jabali Jekundu. Nikapiga picha moja jua likiwa limelala ubavu. Nilijua papo hapo. Mpiga picha anajua, kama mama anavyojua mtoto amelala kweli au anajifanya. Tuliporudi nikashikwa na homa, siku tisa sijui mchana wala usiku. Shemeji ndiye aliyepeleka filamu ofisini kwao. Nilipoinuka kitandani picha ilikuwa imebandikwa mji mzima, na chini yake jina la Shemeji.

Nilipiga kelele. Yeye akawaambia watu shemeji yake bado anaweweseka. Na mke wangu, hapa ndipo penye mwiba, mke wangu alimwamini mdogo wake. Akaniambia, "Kijicho hicho, mume wangu, kitakutoboa tumbo." Akaishi miaka minane baada ya hapo. Alinipikia, aliniuguza, alinipenda pia, sikatai. Akafa akiamini kwamba ameolewa na mwongo.

Tangu siku ile sijakanyaga meli yao. Nimeapa sipandi mpaka jina langu liwe chini ya picha ile. Dada husema meli haijanuna bado.

Sasa Shemeji anataka nini? Meli inatimiza msimu wa ishirini. Meneja wa ofisi yao, mwanamke tunayemwita Mama Ratiba kwa sababu hata kupiga chafya anaangalia saa, anataka picha mpya kubwa ya Jabali Jekundu, itundikwe kwenye ukumbi wa kulia chakula pembeni ya ile ya zamani. Amemwita nani? Amemwita yuleyule fundi aliyepiga ya kwanza. Na fundi mwenyewe ana miaka kumi na tisa anauza magodoro. Amewahi kupiga harusi mbili, na katika moja bibi harusi hana kichwa. Ofisi imempa kamera mpya, lakini lenzi ajitafutie.

Akakohoa, akazungusha kofia mapajani, kisha akauliza polepole, "Shemeji, hivi mandhari ya mtoni inataka lenzi gani?"

Miaka kumi na tisa anawajibu watu swali hilo vibarazani, leo ameniuliza mimi.

Nikatoa lenzi tatu, nikazipanga mezani juu ya flana. Ya kwanza fupi, naiita Pana, inameza kila kitu kama mlafi kwenye msiba. Ya tatu ndefu, naiita Bomba, inavuta cha mbali mpaka puani. Ya katikati naiita Wastani. Ukweli wa kazi ni huu, na nauandika hapa kwa sababu pale sikuusema: kutoka kwenye meli, mto ukiwa mpana, Pana itakupa maji na mawingu, na jabali litakuwa kokoto. Bomba nayo itatikiswa na injini mpaka kila kitu kiwe uji. Inayofaa ni Wastani. Unasimama katikati ya sitaha, magoti yamelegea, hugusi chuma cha pembeni kwa maana chuma kinatetemeka na injini, unavuta pumzi, unabonyeza. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Nikamwambia mandhari ni pana na lenzi iwe Pana, hata mtoto anajua. Nikamwambia pia ajibane sana kwenye chuma cha pembeni asiyumbe. Akaandika maneno yangu kwenye kikaratasi. Akaniita mwalimu. Nikamfutia na lenzi yenyewe, nikamsindikiza hadi mlangoni.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Meli imeng'oa nanga saa tatu asubuhi. Shemeji alikuwa sitahani, amejibana kwenye chuma kama mjusi ukutani. Ngazi tatu bado.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Nimekula vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Ameleta kamera tuangalie pamoja. Maji. Maji. Mawingu. Maji. Na katikati, kama jino la kwanza la mtoto mchanga, Jabali Jekundu lenyewe. Mama Ratiba amemuuliza kama amepigia juu ya paa la ofisi. Nikamwambia asivunjike moyo, siku hizi watu wanapenda picha zenye nafasi. Akaniuliza, "Kweli?" na macho yake yalikuwa yanataka iwe kweli. Nikaingia stoo nikajifunika mdomo kwa flana nicheke.

Dada alikuwa anapiga pasi. Akataka kujua kilichonifurahisha, nikamwambia chote. Akageuza shati upande wa pili, akauliza, "Na wifi yangu angekuona sasa hivi, angesema alikukosea?"

Nikatoka kwenda kuhesabu ngazi. Nne.

Alhamisi, 13 Machi

Kimya. Nimesafisha lenzi mbili. Dada hataki kuongea nami ila kwa sababu ya chumvi.

Jumatano, 19 Machi

Amerudi, mdudu karudi kwenye taa. Safari hii nikampa Bomba. Nikamweleza kwamba kosa la kwanza ni umbali, na dawa ya umbali ni kuvuta. Ina uzito wa mtoto wa miezi sita. Akaibeba kifuani vilevile kama mtoto, akaomba radhi kwa kunisumbua. Nikamwambia ndugu hawasumbuani.

Neno hilo lilitoka laini sana. Nikajisifu.

Jumapili, 23 Machi

Ngazi tano. Mtoni yanapita magogo, mengine na mizizi yake. Nimekaa mlangoni nayahesabu kama mtu asiye na kazi, na kweli sina.

Jumatatu, 24 Machi

Picha mia mbili na kumi, zote uji. Mnara gani, mti gani, mtu gani, huambiwi. Moja tu imetoka safi kama kioo: sikio la abiria mmoja, na pamba ndani yake.

Habari yenyewe ni hii. Mama Ratiba amempa safari moja ya mwisho, Alhamisi ya tarehe kumi Aprili, kwa sababu sherehe ni tarehe kumi na tisa na ratiba ni ratiba. Akishindwa wanaleta mpiga picha mwingine. Na Shemeji mwenyewe, mjinga wa watu, amenieleza mengine ambayo hakupaswa kunieleza. Mama Ratiba amemtazama sana, kisha akamuuliza kama ile picha ya kwanza aliipiga yeye kweli, maana mkono haufanani.

Nikahisi damu inanirudi miguuni kama kijana. Safari moja tu! Akianguka mara ya tatu, ile ya kwanza itaanguka pamoja naye, na mimi nitakuwa nimekaa hapahapa na chai yangu, sijainua hata kidole. Jina langu litakwenda pale lenyewe.

Jumamosi, 29 Machi

Ngazi sita. Leo jioni nimemwona Shemeji gatini peke yake, kwenye manyunyu, anapiga picha bata. Anafanya mazoezi. Ameshika kamera mbali na uso, kama mzee anayesoma barua. Sikujua amezeeka. Nimekuwa na picha yake kichwani ya umri wa miaka arobaini na mbili, na huyo ndiye ninayemchukia. Huyu mwingine mwenye bata simjui vizuri.

Nikapita upande wa pili wa barabara.

Jumatatu, 31 Machi

Jino linauma. Ngazi sita.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada ameniambia wazi: nimpe lenzi ya haki au nihame chumba cha mbele niende kulala na makopo ya rangi. Nikamwambia mzee wa miaka sabini na moja hatishwi. Akajibu kwamba yeye ana sabini na sita, na mimi alinibeba mgongoni nikimkojolea, kwa hiyo nitatishwa tu. Ngazi saba.

Jumatano, 9 Aprili

Siku ndefu hii. Nitaandika taratibu.

Alikuja mapema kabla sijafungua dirisha. Hakukaa. Nikaanza hotuba yangu ya sanaa, akainua kiganja, nikanyamaza. Akasema, "Shemeji, nipe ile uliyopigia wewe."

Nilisikia vizuri. Nina masikio mabovu lakini maneno hayo hata kiziwi angeyasikia. Ile uliyopigia wewe. Miaka kumi na tisa nimeyangoja, nimeyaota, nimemtengenezea na sauti atakayoyasemea. Na yeye aliyasema akiangalia sakafu, kama anayeomba maji ya kunywa.

Mtu mwema angeinuka akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimekalia lenzi yenyewe. Ndiyo, nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka chini ya mto wa kiti, maana nilihofia Dada asije akaitoa nyuma ya mgongo wangu. Wastani ilikuwa inanichoma makalio, na mdomo wangu ukasema imeharibika pete, iko vipande vipande, haipigi.

Sijui kwa nini. Yaani najua. Aliyasema mbele yangu peke yangu. Aliyeyahitaji hakuwepo, amelala kaburini miaka kumi na moja, na kukiri chumbani hakumfikii. Nikaona huyu anataka kulipa mlima kwa kokoto. Basi nikamrudishia Pana, nikamwambia kosa lilikuwa la mkono na si la lenzi, ajaribu tena kwa utulivu. Alinitazama. Nadhani alijua namdanganya. Akaipokea vilevile.

Ngazi nane. Anga limekuwa la rangi ya sufuria.

Alhamisi, 10 Aprili

Wameondoka. Nahodha alikuwa analaumiana na Mama Ratiba juu ya maji, Mama Ratiba akimwonyesha saa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua toka alfajiri. Ngazi tisa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kumi.

Jumapili, 13 Aprili

Meli hurudi saa kumi alasiri. Saa kumi imepita. Saa kumi na moja. Simu za huko juu hazishiki. Gatini wamekusanyika watu, wake kwa waume, kila mtu na mwamvuli wake na hofu yake. Mama Ratiba amevua saa ameiweka mkobani. Nilikuwa sijawahi kumwona bila saa, mkono wake una alama nyeupe.

Nilisimama hapo tangu mchana. Dada aliponijia na koti nikamwambia nimekuja kwa ajili ya lenzi yangu. Hakucheka wala hakubisha. Akanifunga vifungo vya koti kama vile nina miaka mitatu.

Ngazi zimebaki moja na nusu. Sikuwa nikihesabu, nilikuwa nikiziangalia tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Wamerudi saa nne asubuhi, wote wazima, matope hadi kwenye mapazia. Shemeji alishuka wa mwisho. Hakwenda kwao. Alikuja moja kwa moja dukani, viatu vinatoa maji, akaweka kamera mezani bila salamu.

Nahodha aliyakwepa magogo. Kwenye mto mkubwa yalikuwa yanashuka kama ng'ombe waliofunguliwa, kwa hiyo akaigeuza meli akaipitisha nyuma ya kisiwa, kwenye ule mkondo mwembamba ambao kila mwaka ni tope na vyura. Mwaka huu ulikuwa na kina. Na ule mkondo unapita wapi? Unapita chini kabisa ya Jabali Jekundu. Meli ilikaa pale usiku kucha imefungwa kwenye mti, injini imezimwa, wakingoja maji yatulie. Kulipopambazuka Shemeji alitoka sitahani. Jabali lilikuwa hapo, anasema ungeweza kuligusa kwa ufagio. Abiria wote walikuwa wanainua simu zao wanapata kipande cha ukuta. Yeye alikuwa na Pana.

Nikawasha kamera.

Sitaki kuieleza picha ile, na nitaieleza. Jabali lote, toka majini hadi kileleni, limekunja mgongo juu ya meli kama mtu anayechungulia kitoto kitandani. Vijito vya mvua vimeteremka juu yake vyeupe, nilivihesabu kumi na saba. Chini, pembeni, ncha ya meli, na abiria mmoja ameshika kikombe, mdomo wazi. Hakuna mtetemeko. Hakuna kitu kilichopotea. Wastani ingekata nusu. Bomba ingepiga jiwe moja.

Wiki sita nimehesabu ngazi kila siku, na sikuwaza hata mara moja kwamba maji yakipanda hapa yanapanda na kule. Nilimchagulia lenzi kwa mto wa miaka kumi na tisa iliyopita. Yeye amekwenda kwenye mto wa mwaka huu.

Shemeji alikuwa analia. Mzee mzima, muuza magodoro. Alisema, "Ulijua. Mara zote mbili ulinifundisha nikosee ili mara ya tatu nijue kuangalia." Akanishika mkono akaubusu.

Sikusema kitu. Andika hivyo, kalamu. Sikusema kitu.

Jumatano, 16 Aprili

Dada ananitazama na kutikisa kichwa, halafu anaondoka akicheka kwa mabega. Nina hasira hata na chakula.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilisema sitakwenda. Nikavaa suruali ya kijivu nikisema sitakwenda. Nikashuka gatini kuwaangalia tu waendao. Mama Ratiba akaja mwenyewe hadi ngazini, akasema ratiba ina jina langu saa tano na robo na sasa ni saa tano na dakika kumi na tatu. Nikapanda. Kiapo changu kilikatika kwa sababu ya dakika mbili.

Ukumbi wa kulia chakula umejaa. Picha mbili ukutani, yangu ya zamani na yake mpya, mpya ikiwa na kitambaa. Ile yangu imefifia, wekundu umekuwa waridi. Nilikuwa sijaiona kwa karibu tangu nilipoipiga. Nilikuwa na mkono mzuri.

Shemeji akasimama. Alikuwa na karatasi, akaikunja akaitia mfukoni. Akawaambia watu mia moja na zaidi kwamba picha ya zamani hakuipiga yeye, aliipiga shemeji yake, yule pale mwenye suruali ya kijivu, na yeye alikuwa mbeba begi. Akasema hakuweza kuyasema zamani kwa kuwa hakuwa na kitu chake mwenyewe cha kushika, lakini sasa anacho. Kisha akavuta kitambaa. Watu wakashusha pumzi wote pamoja. Na juu ya hayo akaongeza kwamba hata hii ni kazi yangu, kwa maana mimi ndiye niliyejua maji yatafika wapi nikamchagulia lenzi.

Walinipigia makofi. Nahodha ameniita Mzee wa Maji. Mama Ratiba, kumbe alikwisha kuambiwa, ametoa kile kibao cha zamani chenye jina la Shemeji kwa bisibisi papo hapo na kuweka kipya chenye jina langu. Kila nilichokitaka kwa miaka kumi na tisa kiliwekwa mkononi mwangu kabla ya saa sita mchana, na juu yake sifa nyingine ambayo si yangu.

Nilinyamaza. Nilipokea soda.

Jumanne, 22 Aprili

Wamekuja watu watano kuniuliza lenzi gani kwa safari gani. Nahodha amenileta mgeni, amemwambia huyu mzee anasoma mto kama gazeti. Nimemwambia mgeni achukue Wastani. Nilikuwa nikiona aibu hata kwa ushauri wa kweli.

Zamani nilidhani Shemeji alisema uongo kila siku kwa miaka kumi na tisa. Sasa naijua kazi hiyo. Husemi kitu. Watu wanasema, wewe unanywa soda. Siku ya kwanza inauma, ya pili unazoea, ya tatu unamsahihisha mtu anayekusifu kidogo. Nimefikia ya tatu.

Jumatano, 23 Aprili

Maji yanashuka. Ngazi nane. Dada amesema, "Sasa mko wawili." Akaendelea kukata vitunguu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimekwenda kwake, dukani kwa magodoro. Nilichukua Wastani kwenye kitambaa chake nikaiweka juu ya godoro la inchi sita. Nikamwambia hii haijaharibika hata siku moja, nilikuwa nimeikalia. Nikamwambia yote: Pana ya kwanza, chuma cha pembeni, Bomba, Pana ya pili. Sikumwambia kwa wema. Nilitaka aumie pale ambapo mimi niliumia, halafu pia nilitaka kupumua, na sijui kipi kilikuwa mbele.

Akawa anavuta uzi kwenye kona ya godoro. Mteja akaja, akaondoka. Mwisho akaniambia kwamba naye ana la kusema. Siku ile ofisini karani aliuliza filamu ni ya nani, yeye akajibu ni yetu. Karani akaandika jina la aliyesimama mbele yake. Matangazo yalipotoka na jina lake, alitaka kusahihisha kesho yake. Lakini jioni hiyo dada yake, mke wangu, alikuja na tangazo mkononi. Alimlea yeye tangu mama yao alipokufa, alimlipia shule akafeli, alimpa mtaji akaumaliza. Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwambia kwamba anajivunia kuwa na ndugu kama yeye.

"Ningeirudishaje?" akaniuliza.

Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa kama begi lililofunguliwa, unaona nguo zilizomo ni chache.

Akasema basi tuko sawa. Nikasema hatuko. Mimi nilinyamaza siku kumi na moja, yeye miaka kumi na tisa, na hata darasa la tano tunajua hesabu hiyo. Nikaondoka bila kuaga, na lenzi nikaiacha.

Jumapili, 27 Aprili

Ngazi sita. Nimeandika barua, nimemwagiza Dada aipeleke, naye amekubali baada ya kuisoma, jambo ambalo sikumruhusu. Nainakili hapa.

Shemeji. Umesema mbele ya watu mia moja, nashukuru, lakini hakuna hata mmoja kati yao niliyeoana naye. Kuna jambo moja dogo bado nakudai, halitakugharimu nauli, ni mwendo wa nusu saa, na natumaini utanyeshewa njiani. Nenda kaburini kwa dada yako. Mimi nimekwenda mara nyingi, nimemweleza, haniamini, wewe ulikuwa ndugu yake na mimi nilikuwa mume tu. Najua unakwenda kurudisha neno zuri pekee alilowahi kukupa. Basi mpelekee na picha yako mpya, uiweke pale, umwambie hii ndiyo aliyopiga mdogo wake. Habari ya lenzi niliyokuchagulia usimwambie. Ila ile ya zamani, tafadhali, mwambie ilikuwa ya nani.